Hati ya Kukamata kwa Kutofika Mahakamani

Katika Kiswahili cha mahakama za Tanzania, maneno "hati ya kukamata" hubeba mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha. La kwanza ni hati inayotolewa mwanzoni mwa shauri, pale malalamiko yanapofikishwa mbele ya hakimu naye akaridhika kwamba mtuhumiwa anapaswa kuletwa hata kwa nguvu. La pili ni hati inayozaliwa ndani ya mahakama yenyewe, shauri likiwa linaendelea, kwa sababu mshtakiwa aliyekuwa nje kwa dhamana, au shahidi aliyepokea wito, hakutokea siku aliyopangiwa. Waingereza waliipa hii ya pili jina linalotokana na kiti anachokalia hakimu, kwa maana ya hati inayotoka kitini moja kwa moja pasipo polisi kuiomba. Kiswahili hakikulichukua jina hilo, na kilifanya vyema, kwa kuwa benchi kwa Mtanzania ni kile kiti kirefu cha mbao ambacho wenye kesi hukikalia ukumbini wakisubiri kuitwa, na "waranti ya benchi" ingempeleka msomaji mahali pasipo.

Hata hivyo, kuliacha jina bila kuweka lingine kumeleta upungufu wake. Anayeambiwa kijijini kwamba "ametolewa hati ya kukamata" hana namna ya kujua, kwa maneno hayo peke yake, kama ameshtakiwa kwa kosa jipya au anadaiwa tu mahudhurio katika kesi anayoijua. Mkanganyiko huzidi kwa sababu kitenzi hichohicho hutumika pia katika "hati ya kukamata mali", ambayo ni ya madai, humhusu dalali wa mahakama, na hugusa ng'ombe, baiskeli au mabati ya mdaiwa, si mwili wake.

Neno "hati" lenyewe limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya mwandiko, na husema kwamba kitu kimeandikwa, lisiseme kina nguvu gani. Magazeti ya Kenya hupenda "kibali cha kukamata", jina linaloonyesha ruhusa anayopewa askari lakini linaficha kwamba yeye naye ameamriwa, kwani hati hii humwagiza amlete mtu huyo mbele ya mahakama iliyoitoa. "Amri ya kukamata" hukamilisha upande huo, ila hupoteza karatasi, na karatasi ndiyo kinga ya raia: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, hutaka hati iwe na saini ya hakimu au jaji na mhuri wa mahakama, itaje kosa kwa ufupi, imtaje au kumweleza anayetafutwa, na mkamataji amjulishe anayekamatwa yaliyomo, tena amwonyeshe hati yenyewe akiitaka. Kwa sababu hiyo "hati" inastahili kubaki, na kinachopungua ni sababu. "Hati ya kukamata kwa kutofika mahakamani" ni jina refu, lakini linamwambia mhusika kosa lake ni lipi na deni lake liko wapi.

Jirani wa hati hii ni samansi, ambayo vitabu huiita hati ya wito. Tofauti yao ilionekana wazi Afrika Mashariki pale Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa waranti dhidi ya Omar al-Bashir wa Sudan mwezi Machi 2009, kisha Machi 2011 ikatoa wito tu kwa Wakenya 6, wakiwemo Uhuru Kenyatta na William Ruto, nao wakaenda The Hague mwezi Aprili kwa miguu yao. Wito humwamini mtu. Hati ya kukamata hutolewa pale ambapo imani hiyo haipo au imevunjika.

Namna inavyovunjika bila mtu kukusudia huonekana kirahisi mahali kama Mwese, kata ya nyanda za juu katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Mkulima wa huko aliyedhaminiwa Mpanda hupangiwa tarehe ya kesi kutajwa. Mvua za Novemba hadi Aprili huharibu barabara, gari halipandi, na mdhamini yuko shambani. Mpanda, karani husimama mlangoni akaliita jina mara tatu, pasiitike mtu, na hakimu akaandika maneno machache katika jalada. Kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 226 humruhusu hakimu kuendelea na shauri mshtakiwa asipokuwepo, na asipoona vema kumtia hatiani namna hiyo, humtaka atoe hati ya kukamata. Wakati huohuo mdhamini huweza kuitwa aeleze kwa nini asilipe fedha aliyoahidi katika dhamana. Mkulima wa Mwese hajui lolote kati ya hayo, na siku akilisikia huwa limepita mdomo kwa mdomo na kugeuka kuwa "polisi wanakutafuta", habari ambayo humkimbiza porini mtu ambaye angeweza kumaliza jambo lake kwa safari moja.

Jambo hilo halibagui cheo. Mwezi Novemba 2018 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwafutia dhamana Freeman Mbowe na Esther Matiko, wote wabunge wakati huo, kwa suala la mahudhurio, na walikaa mahabusu mpaka Mahakama Kuu ilipoirejesha dhamana yao Machi 2019. Wao walikuwa na mawakili wa kuwapigania.

Hapa lipo jambo ambalo jina zuri lingelifundisha lenyewe, nalo ni kwamba hati ni mali ya mahakama. Polisi huitekeleza tu. Haizeeki wala haiishi kwa mwaka kugeuka, bali hudumu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Kwa hiyo fedha anayopewa mtu njiani ili "kuimaliza" haiimalizi. Mwenye shaka huanzia kwa karani wa mahakama ilikofunguliwa kesi, akiwa na namba ya kesi na tarehe ya mwisho anayoikumbuka. Mdhamini anaweza kumtangulia kuuliza, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huweza kuwaelekeza wote wawili. Katika kuuliza huko, jina la mhusika linahitaji uangalifu wa pekee Mwese, ambako Watongwe na Wabende wanaishi na wazao wa wakimbizi wa Rwanda waliopewa makazi huko miaka ya 1960, na mtu mmoja huweza kuwa na jina la ubatizo kanisani, la ukoo nyumbani, na tahajia ya tatu katika jalada.

Kwenda mahakamani kwa hiari huitwa "kujisalimisha", neno la vita linaloogopesha bure, ilhali "kujifikisha mahakamani" lingetosha. Anayejifikisha huja na mdhamini wake na ushahidi wa kilichomzuia, kama kadi ya hospitali au barua ya mtendaji wa kijiji, naye hakimu, akiisha kumsikiliza, huweza kuifuta hati na kumwachia kwa dhamana ileile, kuongeza masharti, au kumweka mahabusu. Iwapo hati imefutwa, nakala yake iliyokwisha kupelekwa kituo cha polisi haijui habari hizo mpaka taarifa ya mahakama iifikie, na ndiyo sababu nakala ya amri ya kufuta, yenye mhuri, husafiri katika mfuko wa shati la mwenyewe njia yote ya kurudi Mwese.