Idadi ya Watu Mara Kilo: Hesabu Isiyoweza Kuona Taka Zikipungua

Njia iliyozoeleka ya kukadiria taka ngumu za jiji ni kuzidisha idadi ya wakazi kwa kilo zinazodhaniwa kutupwa na mtu mmoja kwa siku. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa wastani wa kilo 0.46 uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2018 kwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, mkoa huu unazalisha tani 2,477 hivi kila siku. Kwa wastani wa dunia uliomo katika ripoti hiyohiyo, kilo 0.74, zinakuwa tani 3,984. Hakuna mtaalamu makini atakayeupachika Dar es Salaam wastani wa dunia; hata hivyo, tani 1,500 zinazotokea na kutoweka kwa kubadili namba moja zatosha kuonyesha hesabu hii imesimama juu ya nini.

Watetezi wake hujibu kwamba kadirio lenye kasoro ni afadhali kuliko kukosa takwimu. Kwa kupanga idadi ya malori, nakubaliana nao. Kwa kupunguza taka, jibu hilo halifai hata kidogo. Kilo za kila mtu zikishafungwa mahali pamoja, jumla itapanda tu kadiri watu wanavyoongezeka. Familia ya Mbagala inayowapa mbuzi maganda ya ndizi na ile ya Mikocheni inayomwaga masufuria ya pilau baada ya sherehe zinaandikiwa kilo zilezile. Kiashiria 11.6.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinarithi udhaifu huohuo pale ambapo jumla ya taka zinazozalishwa imekisiwa kwa njia hii: halmashauri inasifiwa kwa kuzoa zaidi, na mtaa uliozalisha kidogo hauonekani popote.

Mizani ya dampo nayo haituokoi. Inapima kilichofika Pugu Kinyamwezi, pamoja na maji ya masika yaliyolowesha mzigo njiani. Haipimi makopo na chupa zilizookotwa kabla lori halijapita, wala kilichochomwa uani, wala kilichotupwa Mto Msimbazi.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi uko sokoni. Ndizi huingia soko la Mabibo zikiwa kwenye mikungu, zimefunikwa kwa majani; kabichi huja na majani ya nje ambayo hakuna mpishi atakayeyatumia; nyanya za chini ya tenga hufika zimepondeka. Muuzaji hukata, huchambua, hutupa. Katika hesabu ya kuzidisha, rundo hilo linagawanywa kwa wakazi wote kana kwamba limetoka majikoni mwao, na sera inawageukia akina mama wa nyumbani kwa kampeni za usafi. Chanzo chake ni shambani na katika ufungashaji, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji tunayoyalipia mafuta ya lori mara mbili, kuja sokoni na kwenda dampo. Taka za namna hii ndizo rahisi kuliko zote kupunguza, kwa kuwa zina lango moja na wahusika wanaojulikana.

Kwa nini basi rundo hilo la sokoni halipimwi? Nadhani ni kwa sababu swali la jiji limekuwa daima ni wapi pa kutupa. Wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa kwao. Dampo lilipohamia Kunduchi Mtongani, wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991. Yakafuata madampo ya Vingunguti, Mtoni, kisha Pugu. Kampala imeonyesha mwisho mbaya wa njia hiyo: tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Husemwa pia kwamba kupima majumbani ni ghali, na kwamba watu hubadili mwenendo wakijua wanapimwa. UN-Habitat imekwisha kutoa utaratibu wenye nafuu: kaya chache za vipato tofauti hukusanyiwa taka kwa siku nane, na za siku ya kwanza hazihesabiwi. Ningeongeza sharti moja, kwamba masoko, hoteli na mama lishe wapimwe peke yao, masika na kiangazi. Mabibo ingefaa kuwa ya kwanza. Mizani ikiwekwa langoni na kabichi zikapunguzwa majani huko zinakovunwa, naamini tofauti ingesomeka ndani ya msimu mmoja, bila kumngoja mtu wa sensa.