Ijumaa Kuu ya 1977: askofu mkimbizi na kanisa la Langham Place

Sisi huku tupo, baridi inatuchapa ingawa wenyeji wanadai imeshaisha. Najua nimekaa kimya mno, na wengine mmeanza kuulizana kama nimefungwa. Sijafungwa, nabeba maboksi kama kawaida. Leo nataka niwape historia kidogo, na mwishoni nitawaambia kwa nini nimeichagua hii.

Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Oxford Circus, ukatembea dakika chache kuelekea kaskazini, utakuta kanisa lenye kibaraza cha duara na mnara mwembamba uliochongoka kama penseli. Linaitwa All Souls, Langham Place, nalo liliwekwa wakfu mwaka 1824. Jirani yake kabisa ni jumba la BBC. Nimelipita kanisa hilo alfajiri miaka mingi nikienda kusafisha maofisi, wala sikujua kama lina habari yoyote inayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Kumbe linayo.

Turudi nyuma kwanza. Mwaka 1929 Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kali. Daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, alichoka mwili na roho, akaja Kampala kupumzika. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba, na kutokana na urafiki huo ukakua ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya, mpaka kwetu Tanganyika. Wazee wetu waliwaita watu wake walokole. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, na wimbo wao wa Tukutendereza aliuimba hata akichambua mchele. Desturi yao kubwa ilikuwa kuungama hadharani. Aliyeiba jembe la jirani alilirudisha mchana kweupe, na aliyemchukia mwenziwe alimwendea akamwambia.

Katika uamsho huo akaokoka kijana wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, jina lake Festo Kivengere. Miaka ya 1940 alikuja Dodoma na mkewe Mera kufundisha shule na kuhubiri, ndiyo maana Kiswahili alikijua vizuri. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Wakati huo Idi Amin alikuwa na mwaka mmoja na ushee madarakani, na watu walikuwa wameanza kupotea.

Mwaka 1977 Kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kutimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wafike kwa Kabaka Mutesa. Badala ya sherehe yakaja majonzi. Mapema Februari askari waliingia usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum wakipekua silaha. Maaskofu, Kivengere akiwemo, wakamwandikia Amin barua ya kupinga. Tarehe 16 Februari wakaitwa Kampala, zikaonyeshwa bunduki zilizodaiwa kuwa za njama ya kuipindua serikali. Wengine wakaambiwa waende zao, Luwum akabakizwa. Kivengere na wenzake wakakaa nje kumsubiri. Hakutoka. Kesho yake ikatangazwa kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Maiti yake ilipofikishwa kijijini kwake Mucwini, watu wakaona matundu ya risasi.

Kivengere akaonywa kwamba anayefuata ni yeye. Usiku yeye na Mera wakapanda milima kwa miguu, wakavuka mpaka na kuingia Rwanda. Wiki chache baadaye alikuwa hapa London, salama, watu wakimpokea kama shujaa.

Na hapa ndipo nilipokwama nilipokuwa nasoma kitabu chake, nilichokiokota kwenye duka la mitumba kwa pauni moja. Askofu mwenyewe anasimulia kwamba usalama haukumpa amani. Kila akifikiri habari za Amin, moyo wake ulizidi kuwa mgumu, na mahubiri yake yakapoa. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 8 Aprili 1977, aliketi ndani ya All Souls akisikiliza maneno ya Yesu msalabani, anapowaombea msamaha waliomsulubisha. Akajiona kwamba yeye hajamsamehe Amin, na kwamba chuki ile ilikuwa inamla yeye, siyo Amin. Akatubu palepale. Kitabu hicho alikitoa mwaka huohuo, kinaitwa I Love Idi Amin. Ndiyo, mmesoma sawasawa: Nampenda Idi Amin.

Msinielewe vibaya. Askofu hakusema Amin ni mtu mwema, wala hakunyamaza. Aliendelea kuieleza dunia mauaji ya Uganda na kuwatafutia wakimbizi msaada. Mwaka 1979 majeshi yetu ya Tanzania pamoja na Waganda wenyewe walipomng'oa Amin, Kivengere alirudi Kigezi kujenga upya, akatumika mpaka alipofariki mwaka 1988. Luwum naye yupo hapa London: tangu mwaka 1998 sanamu yake imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya 20. Siku mkija kutembea nitawapeleka.

Sasa kwa nini nawasimulia haya. Mnakumbuka ule upatu wetu wa watu kumi, pauni 100 kila mwezi. Zamu yangu ilikuwa mwezi ule ule aliofariki baba, na mshika pesa, mwenzetu wa nyumbani kabisa ambaye jina simtaji, akatoweka nazo. Nauli sikuwa nayo. Mazishi ya baba niliyasikiliza kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za jengo nililokuwa nasafisha, mpaka salio likaisha kabla hamjafukia kaburi.

Tangu hapo niliacha kwenda kanisani, kwa sababu yeye alikuwa anarudi pale na kukaa viti vya mbele. Shangazi aliponipigia kutaka kutupatanisha, nilimkatia simu. Na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: lipo neno moja ninalolijua juu ya yule bwana, ambalo ningelipeleka ofisini wangemrudisha nyumbani kesho yake. Namba ya kupiga nilikuwa nayo kwenye simu. Nilikuwa naitazama usiku kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

Ijumaa Kuu iliyopita nilitoka kazini, badala ya kupita nikaingia All Souls, nikakaa nyuma kabisa na sare yangu ya usafi. Hakuna muujiza ulioonekana. Nililia tu, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki. Nilipotoka nje niliifuta ile namba.

Pesa bado anadaiwa, na ni haki tumdai, maana si zangu peke yangu. Lakini sitaki tena aangamie. Jumapili iliyofuata nilirudi kanisani kwetu, nikamkuta, nikampa mkono. Wa kwangu ulikuwa unatetemeka, na wa kwake pia.

Shangazi, nisamehe kwa ile simu. Nitakupigia Jumamosi jioni, andaa maneno yako yote. Wengine msalimieni mama, mwambieni bibi alikuwa sahihi kuhusu walokole wake.

Tuko pamoja.