Kuiandaa Hospitali kwa Mabadiliko ya Usalama wa Mgonjwa: Funzo la Tiba ya Malale Omugo

Maandalizi ya mabadiliko hospitalini yana sehemu mbili: nia na uwezo. Nia ni watumishi kukubaliana kwamba utaratibu uliopo unawadhuru wagonjwa na haufai kuendelea. Uwezo ni kuwa na watu, vifaa, muda na ujuzi wa kuufuata utaratibu mpya siku zote. Mtafiti Mmarekani Bryan Weiner, aliyezichambua sehemu hizo mwaka 2009, alisisitiza kwamba zote mbili ni mali ya kundi zima, si ya mtumishi mmoja mmoja. Mara nyingi uongozi huishughulikia nia kwa semina na mabango, uwezo ukaachwa ujitafute. Katika usalama wa mgonjwa mpango huo una kasoro, kwa kuwa madhara hutokea pale uwezo unapopungua: usiku, wikendi, na wakati wa kupokezana zamu. Historia ya tiba ya malale katika kituo cha afya cha Omugo, eneo la West Nile, Uganda, inalithibitisha jambo hili.

Omugo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Arua hadi mwaka 2020, ilipoundwa Wilaya ya Terego. Kituo chake ni cha ngazi ya nne, ngazi ambayo kwa mpango wa Uganda huhudumia watu wapatao 100,000 na hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Malale ya aina ya gambiense, yanayoenezwa na mbung'o, yalipozuka upya West Nile, Omugo ikawa mahali pa kutibia, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) tangu katikati ya miaka ya 1990.

Mgonjwa ambaye vimelea vilikwisha kumwingia kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyotumika tangu mwaka 1949. Kati ya wagonjwa 100 wanaodungwa dawa hiyo, 5 hadi 10 hupatwa na madhara ya ubongo, na karibu nusu ya hao hufa. Katika Arua ya miaka hiyo, takriban robo ya waliotibiwa hawakupona. Nia ya kubadili haikuhitaji semina. Muuguzi aliyempokea mgonjwa akija kwa miguu yake, akamdunga, kisha akamwona akishikwa na degedege na kupoteza fahamu, hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Dawa mbadala, eflonithini, ilikuwa salama zaidi, lakini ilidai wodi ya namna nyingine. Dozi kamili ilikuwa dripu 4 kwa siku, kila baada ya saa 6, kwa siku 14: dripu 56 kwa mgonjwa mmoja. Ratiba ikianza saa 12 asubuhi, zinazofuata ni za saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Muuguzi wa usiku hana budi kuchanganya dawa kwa usafi, kukagua kama mkono umevimba penye kanula, kuhesabu matone na kuandika saa kwenye kadi. Wagonjwa 10 wakilazwa pamoja, ni dripu 40 kila siku. Kanula iliyochakaa huingiza vijidudu kwenye damu, na dozi iliyorukwa huidhoofisha tiba. Kubadili dawa bila kubadili zamu, stoo na usafi ni kuitoa hatari kwenye chupa ya dawa na kuikabidhi mikononi mwa muuguzi aliyechoka.

Mwaka 2001 lilianza Omugo jaribio la kulinganisha michanganyiko mitatu ya melasoproli, eflonithini na nifurtimoksi. Liliwafikia wagonjwa 54 tu, kwa sababu uandikishaji ulisitishwa mapema baada ya kundi lililopewa melasoproli na nifurtimoksi kudhurika kupita kiasi. Waliopona katika kundi hilo walikuwa 44.4%, waliopewa eflonithini na nifurtimoksi, 94.1%. Mchanganyiko huo wa mwisho ulifanyiwa majaribio zaidi, na mwaka 2009 ukaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Unahitaji dripu 14 katika siku 7, pamoja na vidonge vya nifurtimoksi kwa siku 10. Hapa tiba yenyewe ilipunguzwa uzito hadi zamu ikaweza kuibeba. Kusitishwa kwa uandikishaji nako ni sehemu ya maandalizi: madhara yalikuwa yakihesabiwa, na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi alijulikana.

Vidonge vya feksinidazoli vya kutibu malale, vilivyopitishwa na Shirika la Dawa la Ulaya mwaka 2018, havihitaji dripu, lakini humezwa pamoja na chakula, la sivyo dawa haiingii mwilini ya kutosha. Swali la maandalizi linahama kutoka stoo ya dripu kwenda jikoni: nani anampikia mgonjwa asiye na ndugu, na nani anamshuhudia akimeza?

Ushahidi wa kwingineko unaelekea huko huko. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 za dunia zilizojaribu orodha hakiki ya upasuaji ya WHO. Katika matokeo ya pamoja yaliyotolewa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Lakini orodha hakiki ya uzazi salama iliyopelekwa katika vituo vya Uttar Pradesh, India, haikupunguza vifo, ingawa wakunga walielekezwa kwa miezi kadhaa. Utekelezaji ulishuka waelekezi walipoondoka.

Kwa kituo kama Omugo, kilicho karibu na makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini yaliyofunguliwa mwaka 2017, maandalizi yafuate mpangilio. Kwanza, kazi ya zamu ya usiku ipimwe kwa saa na kwa vifaa. Pili, kadi na makabidhiano yazingatie kwamba mgonjwa huenda asielewe Kilugbara wala Kiingereza. Tatu, makosa yaripotiwe bila mtoa taarifa kuadhibiwa, kwani kosa lililofichwa halirekebishiki. Nne, mamlaka ya kusitisha utaratibu mpya yapewe mtu aliyepo wodini. Cheti cha mafunzo kinathibitisha nia. Utayari wa kituo hupimwa kwa jinsi utaratibu unavyofuatwa na zamu yake yenye watu wachache zaidi.