Kuchemsha

Kwenye mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, si ajabu kukuta lori limeegeshwa pembeni, utingo kashika dumu la maji. Ukimuuliza kulikoni, atajibu: "Limechemsha."

Hasemi "limechemka", na yuko sahihi. Yanayochemka ni maji. Gari ndilo linaloyachemsha. Mtendwa kaachwa nje ya sentensi, na hakuna anayepotea. Fundi naye atatafuta chanzo: rejeta inayovuja au iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Mfuniko wa rejeta hubana mgandamizo ndani, hivyo maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua injini ikiwa bado ya moto, mgandamizo hushuka ghafla na maji hukurukia usoni. Zima, subiri ipoe.

Mitaani neno limetoka gereji likaingia kila mahali: timu iliyofungwa nyumbani imechemsha, mwanafunzi aliyefeli kachemsha. Maana zote mbili zinakubaliana: aliyechemsha hakufika alikokuwa akienda.