Upanga Uliomla Mwenyewe

Katika mwezi wa Juni 1961 jarida dogo la Uingereza lililoitwa Science Fantasy, chini ya uhariri wa John Carnell, lilichapa riwaya fupi ya kijana wa miaka 21. Kijana huyo alikuwa Michael Moorcock, mzaliwa wa Mitcham, ambaye alipokuwa na miaka 17 alikwisha kukabidhiwa uhariri wa jarida la visa vya Tarzan. Carnell alimtaka amwandikie visa vya upanga na uchawi, vya namna ile ambayo Robert E. Howard aliwapa Wamarekani kati ya 1932 na 1936 katika hadithi za Conan, mtu wa misuli na hasira. Badala ya Conan mwingine, alipokea mfalme mgonjwa.

Elric, mfalme wa mwisho wa Melniboné, hana nguvu za mwili. Huishi kwa dawa, na dawa zikikosekana huishi kwa upanga mweusi, Stormbringer, ambao hunywa roho ya kila aliyeuawa kwa makali yake na kumgawia mwenyewe sehemu ya uhai huo. Conan akishinda, ameshinda kwa mkono wake. Elric akishinda, ameshinda kwa mkopo, na mdai wake hachagui sana ni nani atakayelipa.

Riwaya ya kwanza, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mji Uotao Ndoto", husimulia jinsi Elric anavyowaongoza mabaharia wanyang'anyi wa Falme Changa kwenda kuuteketeza Imrryr, mji wa babu zake. Uadilifu haumo katika safari hiyo. Binamu yake, Yyrkoon, amekitwaa kiti cha enzi, na amemlaza usingizi wa kichawi Cymoril, dada yake yeye Yyrkoon na mpenzi wa Elric. Elric anapanda mnarani kumwokoa. Panga mbili za kichawi zinakutana. Na katika purukushani hiyo Yyrkoon anamsukuma dada yake juu ya ncha ya Stormbringer. Aliyefuatwa aokolewe anauawa kwa silaha ya mwokozi. Kisha majoka yanaamshwa kulipiza kisasi, na Elric anaita upepo wa kichawi kuliepusha jahazi lake peke yake, akawaacha wenziwe waungue pamoja na merikebu zao.

Baada ya hayo linakuja tendo lililo kiini cha mfululizo mzima. Elric, kwa majuto, anautupa upanga baharini. Hauzami. Unasimama juu ya maji kana kwamba umechomwa katika ubao, ukitetemeka na kulia. Naye, akijiona anaishiwa na nguvu, anajitosa na kuogelea kuufuata. Mtunzi mwingine angalimpa kisingizio: angalisema kwamba mungu fulani amemfunga kamba asiyoweza kuikata. Moorcock hakumpa kisingizio cha namna hiyo. Alimpa udhaifu tu, na udhaifu kila mtu anao. Mvuto wa hadithi hizi umo katika aibu hiyo, kwa sababu msomaji naye hataki upanga uzame. Ukizama, hadithi imekwisha, na yeye amelinunua jarida ili aone upanga ukichomolewa. Hivyo anaogelea pamoja na Elric, akijua vizuri kwamba anaogelea kuifuata damu ya mtu mwingine.

Kwa desturi mji mkuu wa adui huanguka mwishoni. Hapa umeanguka mwanzoni kabisa, na uliangushwa na mwana wake. Riwaya nne zilizofuata, kutoka Oktoba 1961 hadi Oktoba 1962, ni matembezi ya mtu asiye na kwao. Iliyo bora miongoni mwake ni ile ya safari ya kutafuta kitabu cha miungu waliokufa, ambacho Elric anatumaini kitamjibu kama dunia ina mpango wowote. Anakipata, anakigusa, nacho kinamomonyoka kuwa vumbi. Zilizobaki ni dhaifu zaidi: ile ya wafanyabiashara wanaomkodi amwue mshindani wao ni kisa cha kawaida kilichovikwa joho. Msomaji wa Al-Inkishafi ameyazoea magofu, maana Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama ya Pate ili auonye moyo wake. Elric hawezi kuyatazama hivyo magofu ya Imrryr, kwa kuwa aliyafanya yeye.

Melniboné ilitawala dunia kwa miaka elfu kumi, kisha ikabakiwa na kisiwa kimoja. Hadithi hizi zilisomwa mara ya kwanza katika nchi ambayo ilikuwa imeondoka India mwaka wa 1947, ikafedheheka katika Suez mwaka wa 1956, na sasa ikishusha bendera yake Afrika. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, baina ya riwaya ya pili na ya tatu. Zanzibar na Kenya zilifuata Desemba 1963, katikati ya riwaya nne za mwisho. Itakuwa haraka kusema kwamba kila pigo la upanga ni fumbo la siasa. Jarida lile lilikuwa la burudani. Walakini si vigumu kuona kwa nini vijana waliolelewa kwa ramani zilizopakwa rangi nyekundu, nao wakaiona rangi ikichujuka, walimwelewa mrithi anayeuchukia urithi wake na asiyeweza kuishi bila nguvu zake.

Msomaji wa upande wa pili wa ramani ana swali lake. Huzuni yote katika hadithi hizi ni ya mtawala. Watu wa Falme Changa, ambao mababu zao walikanyagwa kwa karne nyingi, huonekana kama wanyang'anyi, wafanyabiashara na maiti. Walipotaka kulipiza walichofanyiwa, waliteketea baharini, na machozi yaliyohesabiwa ni ya Elric. Huo ni upungufu, wala fahari ya lugha hauuzibi.

Jambo la pili pia halifai kupitwa. Elric ana ualbino, na mtunzi ameufanya kuwa chanzo cha unyonge wake na alama ya ajabu yake. Moorcock amekiri deni lake kwa Zenith, mhalifu mwenye ualbino katika visa vya Sexton Blake vilivyoandikwa na Anthony Skene. Ualbino haumfanyi mtu kuwa nusu maiti, wala kuwa mchawi. Katika Tanzania, ambako katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kichawi, sifa hiyo ya Elric haiwezi kusomwa kama pambo tu.

Riwaya ya tisa ilitoka Aprili 1964, katika toleo la mwisho la Carnell. Dunia imeoza, na sharti baragumu ipigwe mara ya tatu ili dunia nyingine izaliwe. Lakini Elric hana tena pumzi. Aliyebaki karibu naye ni Moonglum, rafiki wa safari zake tangu riwaya ya pili, na roho ya Moonglum ndiyo inayompa pumzi hiyo. Elric anapiga baragumu, dunia mpya inaanza, na upanga unamgeukia yeye.

Kwa kuwa shujaa alikwisha kufa, mtunzi hakuwa na njia ila kurudi nyuma. Mwaka wa 1972 alitoa riwaya inayosimulia siku zilizotangulia: Imrryr ungali umesimama, na Cymoril yu hai. Mwishoni Elric anaondoka kwenda kuitazama dunia, na kwa mwaka mmoja anamwachia kiti cha enzi Yyrkoon. Cymoril anabaki akimngojea, na wasomaji wa 1961 walikuwa wamekwisha kujua atarudi na nini mkononi.