Nambari za nasibu: Kosa dogo lililolegeza kufuli za tarakilishi

Mnamo Mei 13, 2008, wasimamizi wa Debian, mfumo wa kuendeshea tarakilishi unaotolewa bila malipo, walitahadharisha kwamba funguo za siri zilizoundwa kwa mfumo huo tangu Septemba 2006 zingeweza kukisiwa. Aliyezikisia angeweza kuingia katika tarakilishi ya mbali kana kwamba ndiye mwenyewe.

Ufunguo wa aina hii ni nambari ndefu mno, na usalama wake hutegemea kutotabirika kwake. Lakini tarakilishi ni chombo tiifu. Hufuata amri, wala haijui kubahatisha. Kwa hivyo hulazimika kuokota mambo yasiyotabirika, mathalani muda unaopita baina ya kubonyezwa kwa kitufe kimoja na kingine, na kuyakoroga hadi zipatikane nambari za nasibu.

Katika Debian, kazi ya kuunda funguo ilitegemea programu ya OpenSSL. Mwaka 2006, mtaalamu aliyeitunza aligundua kwamba chombo cha kukagulia kasoro kililalamikia sehemu inayosoma kumbukumbu isiyojazwa chochote. Hakukurupuka, aliwauliza kwanza watunzi wa OpenSSL, naye hakupingwa. Akaondoa mistari miwili. Mmoja haukuwa na uzito. Wa pili ndio uliokuwa mlango wa kuingizia karibu kila kitu kilichopaswa kukorogwa.

Kilichosalia ni nambari ya utambulisho ambayo tarakilishi huipa kila kazi inayoendeshwa, na wakati huo kwa kawaida nambari hizo hazikuzidi 32,768. Kwa kila aina na urefu wa ufunguo, basi, badala ya funguo zisizohesabika palikuwa na chache kiasi cha mtu kuziunda zote na kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hapakuwa na tahadhari yoyote, maana ufunguo dhaifu, ukiutazama, haupambanuki na ulio imara. Aliyeigundua kasoro ni Luciano Bello, mmoja wa watengenezaji wa Debian. Ubuntu, mfumo uliotokana na Debian, nao uliathirika.

Kurekebisha programu hakukutosha. Funguo dhaifu zilibaki dhaifu popote zilipohamishiwa, ikabidi zitupwe na kuundwa nyingine. Zile za aina ya DSA zilikuwa na balaa zaidi, kwa kuwa kila sahihi yake huhitaji nambari mpya ya nasibu: hata ufunguo ulioundwa kwingineko, mahali salama, ulihesabiwa kuwa umefichuka iwapo ulitumiwa kutia sahihi katika tarakilishi yenye kasoro.