Malipo ya simu Busia na Malaba: Lango lililokomea mpakani

UWAZI wa malipo ya simu ni utaratibu unaomwezesha mteja wa kampuni moja kumlipa wa kampuni nyingine moja kwa moja, bila mwenye mtambo kumfungia mshindani mlango.

Nchini Kenya, uwazi huo umekuja hatua kwa hatua. Safaricom ilizindua M-Pesa mnamo Machi 2007, na kwa miaka saba mawakala wake walizuiwa kuwahudumia washindani. Kizuizi hicho kiliondolewa Julai 2014, kufuatia malalamishi ya Airtel mbele ya Mamlaka ya Ushindani. Aprili 2018, wateja wa kampuni hizo mbili walianza kutumiana pesa moja kwa moja, na Aprili 2022 wenye Airtel Money na T-Kash wakaruhusiwa kulipia bidhaa kupitia nambari za Lipa na M-Pesa.

Kwa wenye maduka wa Busia na Malaba, nambari moja ikatosha kupokea malipo ya wateja wa mitandao mitatu. Hata hivyo, uwazi huo ulikomea mpakani. Ng'ambo hutumika shilingi ya Uganda, chini ya Benki Kuu nyingine. Pesa huweza kutumwa kuvuka mpaka, lakini kama huduma ya kimataifa yenye ada na kiwango chake cha ubadilishaji.

Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, lori hukaguliwa upande mmoja tu. Malipo ya shehena yake bado hupitia milango miwili.